Raidi Tatu Zilizokutwa Kwenye Kipe cha Katonga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha Polisi Mlimani, Ujiji
Ijumaa, tarehe 30/08/2024, saa 3 asubuhi
Kosa linalochunguzwa: wizi wa vyombo vya muziki kanisani

Jina: Scola Ntahondi
Umri: miaka 46
Kabila: Muha
Dini: Mkristo
Kazi: muuza mawese, soko la Ujiji, pia mpiga dramu wa kwaya
Makazi: Ujiji, nyuma ya soko

Mimi ni Scola kama nilivyojitambulisha. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu mmemfungia Fabian, mlinzi wa kanisa letu, tangu Jumapili, kwa wizi ambao hakuufanya. Jumapili hii inayokuja imepangwa atolewe hapa apelekwe kanisani, apige magoti mbele ya watu wote aungame, kisha asamehewe. Mimi sitaki asamehewe. Mtu anasamehewa kosa, na Fabian hana kosa. Afande Christina, anayeniandikia maelezo haya, ameniambia kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kuwa uongo kituo hiki wameshaupokea, na aliyeuleta alikuwa amevaa tai.

Kabla sijaendelea, nimeona kwenye karatasi ya kwanza imeandikwa kwamba vilivyoibwa ni "mifuniko mitatu ya ngoma". Nimemwomba afande asahihishe. Si mifuniko. Ni matoazi, na sisi wapigaji tunayaita raidi. Raidi ni ile sahani kubwa ya shaba inayokaa mkono wa kulia wa mpigaji. Mkono wa kulia haupumziki juu yake tangu wimbo unaanza mpaka unaisha, na waimbaji wanatembea nayo. Ikikosea, kwaya nzima inakosea. Nilizikusanya kwa miaka mingi, kwa jasho la mawese yangu, kanisa halikutoa hata senti. Kanisani zilikuwa zinalala tu.

Mnamo tarehe 25/08/2024, siku ya Jumapili, majira ya saa 1 asubuhi, nilifika kanisani kufunga dramu kabla ya ibada. Kazi hiyo simwachii mtu. Raidi zangu hukaa stoo, nyuma ya madhabahu, ndani ya mfuko wa turubai, na kila moja nimeivika kitambaa cha kitenge ili zisikwaruzane. Mfuko haukuwepo. Vitambaa vilikuwepo, vimekunjwa vizuri, vimewekwa juu ya stuli yangu. Iliyobaki ni ile sahani ndogo ya njano iliyokuja na dramu kutoka dukani, ambayo ukiipiga ni kama umepiga bati la kuokea mkate. Nilipiga kelele hadi watu wa shule ya Jumapili wakakimbilia stoo wakidhani nimeumwa na nyoka.

Mchungaji aliwakusanya wazee wa kanisa pale pale. Akauliza nani ana ufunguo wa stoo. Funguo ziko mbili. Mmoja anao Fabian. Mwingine anao mzee wa kanisa anayesimamia mali, naye ni Feliksi, mume wangu wa ndoa. Feliksi akasema mbele ya wote, "Mimi stoo sijakanyaga wiki nzima." Macho yote yakahamia kwa Fabian. Fabian alimtazama Feliksi, akatazama chini, akasema, "Mimi sijui, wazee wangu." Basi. Hakuna aliyemuuliza lingine. Mimi niliuliza jambo moja tu: mwizi gani anakaa kukunja vitambaa? Mume wangu akaniambia, "Mama Bariki, tulia, waachie wazee." Bariki ni mtoto wetu wa kwanza.

Baada ya hapo Feliksi alipanda bodaboda akaja kituoni hapa kutoa taarifa, na askari wakaja kumchukua Fabian kabla ibada haijaisha. Siku hiyo nilipiga ile sahani ya njano. Kanisa likaomba dhidi ya roho ya wizi, na aliyeongoza maombi hayo ni mume wangu. Aliomba kwa machozi. Nilimwonea huruma, jamani, nikafikiri analia kwa ajili yangu.

Mnamo tarehe 28/08/2024, siku ya Jumatano, saa 2 asubuhi, nilikwenda mwalo wa Katonga kununua dagaa wa kumtumia mwanangu Kasulu. Wavuvi walikuwa wameingia, dagaa wamemwagwa, wachuuzi wanabishana bei. Nikiwa bado juu, kwenye wauza chai, nikasikia raidi. Sikuona kitu, nilisikia. Ilikuwa ni ile ninayoiita Mrundi, inalia kule chini majini. Sauti yake ilikuwa imekonda, kama ya mtu aliyetoka kuugua, lakini ilikuwa ni yenyewe. Afande ameniuliza kama nina uhakika sikusikia kengele ya kawaida. Nimemwambia kama yeye anaweza kuchanganya kikohozi cha mama yake na cha jirani, basi na mimi nilichanganya.

Niliteremka nikifuata sauti mpaka nikafika kwenye kipe cha mume wangu. Kipe ni mitumbwi ya kuvulia dagaa ambayo huning'inizwa taa juu ya maji ili dagaa wapande. Feliksi ni mwenye kipe hicho, ila haendi ziwani mwenyewe. Anayekiongoza ni Meshack. Nilimkuta Meshack ameshika kijiti cha kuni, anagonga kofia ya taa kuita wachuuzi. Zilikuwa taa tatu zinazotumia betri, na juu ya kila moja imefungwa sahani ya shaba kama mwavuli, ili mwanga usipotee juu.

Nikamuuliza, "Meshack, hicho unachogonga ni kitu gani?"

"Kofia za taa, Mama Bariki! Mzee ametuletea. Hizi ni balaa, mwanga wote unashuka chini. Dagaa wanakuja wenyewe kama wameitwa harusini."

"Mzee yupi?"

Akacheka. "Mzee yupi tena? Mumeo. Kumbe hakukwambia? Basi nimeharibu saprezi."

Sikumlaumu Meshack na simlaumu sasa. Yeye aliletewa kitu akakitumia. Aliniambia kwamba raidi zilipofika zilikuwa na weusi, kwa hiyo vijana walizisugua kwa mchanga wa ziwani na majivu, wakamalizia na limau, mpaka zikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Hawakujua kwamba ule weusi na ile mistari myembamba inayozunguka ndiyo inayoishika sauti isipige yowe. Tundu la katikati walilitanua kwa tindo ili shingo ya taa ipite. Pembeni walitoboa matundu matatu matatu ya waya. Moja imepasuka kutoka katikati mpaka ukingoni. Niliishika mkononi, nikakaa mchangani na nguo yangu ya sokoni, nikalia. Meshack aliniletea maji ya kunywa, akaanza kuomba radhi bila kujua anaombea nini.

Afande ameniuliza nitathibitishaje kuwa ni zangu, maana sahani zinafanana. Hazifanani. Kila raidi ina alama za nyundo za aliyeifua, upande wa chini, na hakuna mbili zenye alama sawa. Lakini zaidi ni namna nilivyozichagua. Mimi siendi peke yangu kuchagua raidi. Naenda na Agnesi, mwimbishaji wa kwaya yetu. Nainasa raidi kwa kidole kupitia tundu la katikati, ining'inie, naipiga kwa ncha ya fimbo, nasubiri mpaka inyamaze kabisa. Kisha Agnesi anaimba ubeti mmoja kwa sauti ya kawaida huku naipiga. Akilazimika kupandisha sauti, raidi hiyo haifai hata kama ni ya dhahabu. Raidi iliyo nzuri inakwenda chini ya sauti yake, inambeba, na bado kila pigo unalisikia.

Mrundi niliipata Kibirizi, bandarini, kwa mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa anavuka kutoka Bujumbura. Ya pili, Mama Mkubwa, ililetwa na mtu wa Kalemie akiwa na gunia zima la sahani. Tulizikataa zote moja baada ya nyingine, Agnesi anaimba, mimi natingisha kichwa, mpaka yule Mkongo akachoka akasema, "Mama, unanunua sahani ama unachumbia?" Mama Mkubwa ilikuwa ya mwisho kabisa ndani ya gunia. Nilipoipiga Agnesi alisahau maneno ya wimbo. Ya tatu ni Mkimya. Niliikuta mtaa wa Mwanga, kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa, imeegemezwa ukutani nyuma ya viti vilivyovunjika. Wazee wa kanisa walinung'unika kwamba imepigwa baa, haiwezi kuingia madhabahuni. Feliksi ndiye aliyeiwekea mikono akaiombea. Nilimpenda sana siku ile.

Kwa nini tatu, na mkono wa kulia ni mmoja? Swali hilo nimeulizwa na afande, na aliwahi kuliuliza mume wangu. Kwa sababu nyimbo si moja. Mrundi ni ya nyimbo za kukimbia. Mama Mkubwa ni ya kusifu, watu wakisimama. Mkimya ni ya misiba na ya meza ya Bwana, unaipiga na aliyefiwa hasikii kama kuna ngoma, anasikia tu kwamba hayuko peke yake. Nimeipiga kwenye maziko mengi mjini hapa, na baadhi ya watu walioko kituoni hapa nimewazikia ndugu zao.

Ili nisionekane nabahatisha, jana Alhamisi asubuhi nilimchukua Agnesi twende naye Katonga. Sikumwambia kitu njiani. Nilimpigia Mama Mkubwa, akafungua mdomo kuimba kama tulivyozoea. Haikumbeba. Ilimlilia usoni kama bati. Agnesi akafunga mdomo, akanishika mkono, akasema, "Dada, wameiua." Yuko tayari kuja kuandika maelezo yake.

Nirudi siku ya Jumatano. Saa 10 jioni nilimkuta mume wangu nyumbani, barazani, anasoma Biblia. Nikamwambia, "Baba Bariki, raidi zangu nimeziona." Hakuniuliza wapi. Akavua miwani, akasema, "Kaa kwanza."

"Nimekaa Katonga nusu siku. Sema."

Akasema kwamba ziwa lilipofungwa uvuvi na serikali vifaa vyake vingi viliharibika, na lilipofunguliwa wenzake walikuwa wanampita kwa taa. Siku ya Jumanne, tarehe 20, aliingia stoo mchana kutafuta viti vya semina, akaona sahani zangu. Akapima kwa macho, akaona zinatosha kabisa kuwa kofia za taa, na tena zina tundu katikati, kama zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Akaniambia, "Wewe unapiga moja. Zote za nini? Nilikuachia moja."

"Uliniachia ya dukani."

"Mimi ningejuaje? Sahani ni sahani. Nilichukua zile pana."

Hapo ndipo nilipoumia, afande, na naomba uandike hivyo hivyo. Mimi nachagua kwa sikio, yeye kachagua kwa upana. Miaka yote anakaa benchi la mbele, mita chache kutoka kwenye dramu, anatikisa kichwa, anapiga makofi, na hawezi kutofautisha Mkimya na bati la mkate. Lakini hata hilo ningelimeza. Angekuja Jumapili ile ile akasema, "Mama Bariki, ni mimi, nilikosea," ningemtukana wiki nzima, nikamnunia mwezi, yakaisha. Raidi ni shaba tu.

Nikamuuliza, "Na Fabian?"

Akasema, "Fabian nimeshaongea naye. Ataungama, kanisa litamsamehe, nitaifuta kesi, atarudi kazini. Hakuna atakayeumia."

"Kwa nini usiungame wewe?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na yeye ni nani?"

Alirudisha miwani machoni, akafungua Biblia yake, akaniambia polepole kwamba mke hamvui mumewe nguo hadharani. Nikamjibu kwamba nguo kajivua mwenyewe, tena madhabahuni, akiwa amefumba macho anaongoza maombi. Usiku huo nililala kwa mama yangu mdogo na ndiko niliko mpaka leo.

Jana Alhamisi, saa 8 mchana, niliruhusiwa kumwona Fabian hapa kituoni. Aliniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," kama tunavyoamkiana kanisani, akiwa ameshika suruali kwa mkono maana mkanda mlimnyang'anya. Nikamwambia, "Fabian, nimejua. Nilifika Katonga." Akashtuka kuliko siku aliyokamatwa. Akasema, "Reka, mama. Acha tu hivyo hivyo."

Ndipo akaniambia yote. Jumanne ile yeye ndiye aliyembebea mzee mfuko mpaka kwenye bodaboda. Alimuuliza, "Mama Scola anajua?" Mzee akamwambia, "Ni vitu vya nyumbani kwangu." Vitambaa alivikunja Fabian. Mzee alikuwa amevitupa chini, naye akaviokota akavikunja kwa sababu anajua navipenda, aliogopa nitamfokea nikivikuta sakafuni. Jumapili alisubiri mzee aseme. Mzee hakusema. Usiku wa siku hiyo hiyo mzee alimfuata huku mahabusu, akamwambia kwamba akikubali kosa atarudishwa kazini, na akimtaja yeye, nani atamwamini mlinzi dhidi ya mzee wa kanisa?

Nilimuuliza Fabian kwa nini anakubali. Akasema, "Mama, mzee ndiye aliyenipa kazi nilipotoka Kidahwe sina hata kandambili. Chumba tunacholala na watoto ni cha kanisa. Mzee akianguka, sote tunaanguka. Mimi nikianguka, nimeshazoea chini."

Nilimkasirikia. Ni kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mume wangu, mpaka askari wa zamu akaniambia nishushe sauti. Nilimwambia, "Wewe utapiga magoti, watu watakuimbia, utarudi getini. Kuanzia siku hiyo kikipotea kijiko, ni Fabian. Ikipotea sadaka, ni Fabian. Wanao wakikosana na wenzao shuleni wataambiwa baba yao aliiba nyumba ya Mungu. Huo ndio msamaha wako?" Alilia, mtu mzima mwenye ndevu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kanisa letu limetaka kumnyonga na haki pia limnyime, halafu aseme asante.

Jana jioni mchungaji alinipigia simu. Alisema amesikia nina mpango wa kuja kituoni, akaniomba nisubiri, mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani na ya kanisa yamalizwe kanisani. Nikamuuliza, na Fabian yeye ni wa nyumba gani? Akasema ataniombea. Nikamshukuru.

Afande Christina amenieleza kwamba sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu wa ndoa, na kwamba ninaweza kusimama hapa hapa na kwenda zangu. Alinieleza hilo mara mbili, na mara ya pili aliweka kalamu mezani, akaniangalia kama mwanamke mwenzangu. Nimefikiri. Nina miaka mingi na Feliksi na watoto naye. Si mtu wa kupiga, si mlevi, na wanangu wanampenda. Akishatajwa hapa, benchi la mbele hatalikalia tena, na mimi sokoni nitaitwa mke aliyemfunga mumewe. Hayo yote nayajua. Lakini asubuhi nimepita kwa mke wa Fabian, nimemkuta anapiga pasi shati jeupe la mumewe la kuvaa Jumapili akapige magoti. Anapuliza mkaa, anatoa mikunjo ya kola, ananiambia, "Angalau asionekane mchafu." Nikatoka bila kuaga.

Kwa hiyo nasema: raidi tatu zilichukuliwa stoo na mume wangu, Feliksi, mchana, kwa ufunguo wake mwenyewe. Fabian hakuiba. Aliyemleta Fabian hapa alijua hivyo wakati anamleta. Kama kuna sheria ya kumwadhibu mtu kwa kuchukua vitu vya mkewe, sijui, na siidai. Raidi sizidai pia, acheni zibaki ziwani, hazifai tena kitu kingine. Ninachodai ni Fabian atoke leo kwa mlango ule ule alioingilia, mchana, watu wakiona, bila mtu kumwekea mkono kichwani.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa yote kwa sauti, ni maneno yangu, sikutumwa na mtu wala sikuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: S. Ntahondi

UTHIBITISHO WA AFISA

Mimi Koplo Christina nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Vielelezo, sahani tatu za shaba, moja ikiwa imepasuka, vitachukuliwa mwalo wa Katonga leo.

Shahidi alipoulizwa kama kuna lolote la kupunguza, alisema hakuna. Alipoulizwa kama kuna la kuongeza, aliomba jina la mume wake liandikwe kamili, kwa sababu Ujiji kuna akina Feliksi wengi na hataki akamatwe asiyehusika. Limeongezwa kwa mkono wake mwenyewe: Feliksi Yona Buhoro.